Kununua na kuuza kwa kanuni: namna ya kuipanga programu yako ya chati

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mombasa aliye na kazi nyingine. Tuseme ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani bandarini, au ana duka Mwembe Tayari. Ana laptop, ana akiba ndogo ambayo ikipotea watoto hawatakosa karo, na keshachoka na makundi ya Telegram yanayomtumia "nunua dhahabu sasa hivi" saa nane za usiku. Sitamwambia ni soko gani litapanda, na programu ya chati haijui pia, hata uilipie kiasi gani. Linalowezekana ni kuipanga hiyo programu ikuulize swali moja kwa siku, jibu lake liwe ndiyo au la, kisha uifunge uende kazini.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Wengi hupakua programu, wakaijaza indiketa (mistari ya hesabu inayochorwa kwenye chati) saba za rangi, halafu ndipo waanze kutafuta kanuni humo ndani. Lazima watazipata, maana ukiwa na mistari ya kutosha utaona lolote unalotaka kuliona. Wewe anza na karatasi. Jibu maswali manne: naingia lini, natoka lini nikikosea, natoka lini nikipatia, na nanunua kiasi gani.

Tuchukue mfano unaojulikana. Mwaka 1983, mfanyabiashara wa Chicago aitwaye Richard Dennis alibishana na mwenzake William Eckhardt kama kazi hii hufundishika au ni kipaji. Wakachagua watu, wakawafunza majuma mawili, wakawapa mtaji pamoja na kanuni zilizoandikwa. Mojawapo ilikuwa hii: nunua bei ikipita kilele cha siku 20 (bei ya juu kabisa ya siku hizo), uza ikishuka chini ya bonde la siku 10 (bei ya chini kabisa), na usiuruhusu mkosi mmoja ule zaidi ya sehemu ndogo ya akaunti. Kwenye karatasi ya karani wetu, kanuni ya namna hiyo inaweza kusomeka hivi (mshumaa ni alama ya chati inayoonyesha bei za siku moja, stoplosi ni oda ya kukutoa ukikosea, na ATR ni wastani wa mwendo wa bei kwa siku):

"Nafuatilia hisa tano tu. Siku ya soko ikishafungwa, naangalia mshumaa wa siku. Ukifunga juu ya kilele cha siku 20 zilizotangulia, nanunua kesho yake. Stoplosi iko chini ya bei niliyonunulia kwa ATR mbili. Nauza mshumaa ukifunga chini ya bonde la siku 10 zilizotangulia au stoplosi ikiguswa, lolote litakalotangulia. Kila biashara nahatarisha asilimia 1 ya akaunti."

Sasa mpe mtu mwingine karatasi hiyo, yeyote wa pale barazani anayejua kusoma chati. Mfungulie chati kumi za zamani, mwambie atie alama mahali pa kununua na pa kuuza. Nawe fanya vivyo hivyo pembeni. Alama zenu zikitofautiana, kanuni bado haijaandikwa. Kuna neno lililoacha mlango wazi. Maneno ya kufuta ni kama "soko likionekana lina nguvu", "bei ikitulia", "nikiona dalili nzuri". Nani anaona? Nguvu kiasi gani? Weka namba au futa sentensi.

Mji huu wenyewe una watu wanaoishi kwa nidhamu hiyo. Kwenye mnada wa chai wa Mombasa, ambako kilo huuzwa kwa dola, sampuli huonjwa kabla ya siku ya mnada. Mnunuzi mzoefu huja ameshajua kila loti ataifuata hadi bei gani. Kazi ya kufikiri imefanyika mezani, penye vikombe na utulivu. Mnadani anatekeleza tu.

Hatua ya 2: Soko na dalali

Hapa nitapita haraka. Soko la Hisa la Nairobi (NSE) unalifikia kupitia dalali mwenye leseni, naye atakufungulia akaunti ya CDS, ambamo hisa zako hutunzwa. Foreksi (biashara ya fedha za kigeni) na dhahabu unazifikia kupitia dalali wa mtandaoni, na Kenya ina kanuni zake za madalali hao tangu 2017. Kwa vyovyote vile, mwenye mamlaka ni mmoja: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake. Linganisha jina herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda majina yanayokaribiana na ya kweli. Mtu anayekuomba utume pesa kwa namba yake binafsi ya M-Pesa "akufanyie biashara" si dalali, hata awe ni jirani yako wa Kibokoni unayesali naye safu moja.

Kwa wasomaji Waislamu: ukishikilia foreksi usiku kucha, kwa kawaida hutozwa au hulipwa swapu, ambayo ni riba, na Jumatano madalali wengi huihesabu mara tatu ili kufidia wikiendi. Ziko akaunti za Kiislamu zisizo na swapu. Soma masharti yake mpaka mwisho, kwani baadhi ya madalali huiondoa swapu kisha wakarudisha ada nyingine baada ya siku kadhaa. Kama biashara yenyewe ya foreksi ni halali, hilo muulize shekhe wako, usiniulize mimi wala dalali.

Hatua ya 3: Vua chati nguo zote, kisha ivike mbili

Programu mbili zinawatosha wengi. TradingView hufunguka kwenye kivinjari cha intaneti na ina hisa za Nairobi. Ukitafuta, angalia soko liwe NSEKE. NSE peke yake mle ni soko la India, na nimeona watu wakichambua kampuni ya Mumbai wakidhani ni ya Nairobi. Safaricom ni SCOM, Equity ni EQTY. MetaTrader 4 na 5 ni za madalali wa foreksi, huwezi kununulia hisa za NSE humo.

Fungua chati mpya, futa kila kitu. Chagua mishumaa, chagua siku. Ongeza mfereji wa Donchian (mistari inayochora kilele na bonde) wa siku 20, na mwingine wa siku 10. Ongeza ATR ya siku 20. Basi. RSI na indiketa nyingine zinaweza kungoja, kanuni yetu haikuzitaja.

Kuna mambo matatu hapa ambayo huwaharibia watu kazi bila wao kujua.

La kwanza ni mfereji wenyewe. Donchian ya TradingView huhesabu na mshumaa wa leo. Kwa hiyo bei ikipanda, mstari wa juu unapanda nayo, na mshumaa hautafunga juu ya mstari kamwe. Utangoja hadi uzeeke. Ingia kwenye mipangilio ya indiketa, mahali palipoandikwa Offset weka 1, ili leo ilinganishwe na mstari ulioishia jana. Kwenye MetaTrader huenda usiikute Donchian. Utaipakua kwenye maktaba yake, na hiyo nayo uijaribu kwa macho: tafuta siku moja ya zamani, hesabu vilele 20 kwa kidole, uone kama mstari unasema kweli.

La pili ni ATR. Kipimo hiki cha wastani wa mwendo wa bei kwa siku kilitolewa na J. Welles Wilder mwaka 1978. Lakini TradingView huulainisha wastani huo kwa njia ya Wilder, ilhali ATR inayokuja na MetaTrader hutumia wastani wa kawaida. Namba zitatofautiana kidogo kwenye soko lilelile. Si kosa. Chagua programu moja ya kupimia na ubaki nayo, usipime kwa moja ukajaribia kwa nyingine.

La tatu ni saa. Siku ya foreksi hufungwa saa kumi na moja jioni ya New York. Kwetu hiyo ni saa sita usiku wakati Marekani imesogeza saa mbele, kuanzia Machi, na saa saba usiku kuanzia Novemba. TradingView inakubali kuwekewa saa za Nairobi. MetaTrader hufuata saa ya seva (kompyuta kuu) ya dalali, na huwezi kuibadilisha. Madalali wengi wamepanga seva iende sambamba na kufunga kwa New York, lakini wako wanaotumia saa za Greenwich, na kwao utaona mshumaa mfupi wa Jumapili, wa saa mbili tatu tu. Kimshumaa hicho kinahesabiwa kama siku nzima. Kinapunguza ATR yako, na zile siku 20 zinakuwa pungufu. Ukikiona, tafuta dalali mwingine au hesabu upya.

Maana yake kwa ratiba ni kwamba huna haja ya kukesha. Mshumaa umeshafungwa usiku. Ukitoka msikitini baada ya Alfajiri, kabla ya chai, chati iko tayari. Kwa hisa za Nairobi soko hufunga saa tisa alasiri, kwa hiyo unaangalia jioni ukishavuka feri, na oda unaiweka asubuhi.

Hatua ya 4: Hesabu ya kiasi

Ukiwa na muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii. Watu wanaoziunguza akaunti zao mara nyingi mwelekeo waliupata sawa. Walichokosa ni kiasi.

Tuseme una Sh50,000. Asilimia 1 ni Sh500. Hicho ndicho unachokubali kupoteza ukikosea. Hisa iko Sh20, ATR ni senti 50. ATR mbili ni Sh1, kwa hiyo stoplosi ni Sh19. Hatari kwa kila hisa ni Sh1, gawanya 500 kwa 1, unapata hisa 500, thamani Sh10,000. Safi?

La. Umesahau ada. Tuseme dalali na tozo zote pamoja ni asilimia 2 kila upande. Kununua kwa Sh20 kunakugharimu senti 40 za ziada kwa hisa, na kuuza kwa Sh19 senti 38. Hatari halisi kwa hisa ni Sh1.78. Gawanya 500 kwa 1.78, utapata hisa 280. Na tazama kilichojitokeza: karibu nusu ya hatari yako ni ada, wala si soko. Bei inabidi ifike kama Sh20.82 ndipo urudishe pesa yako bila faida.

Mimi hapo nachukua uamuzi: kwa NSE, kanuni ya siku 20 ina mwendo wa haraka mno kwa gharama za namna hiyo. Tumia ya kuingia kwa kilele cha siku 55 na kutoka kwa bonde la siku 20, ambayo nayo walipewa wale wanafunzi wa Dennis, au hamia chati ya wiki. Kwa siku 55 utafanya biashara chache zaidi; kwa chati ya wiki stoplosi itakuwa mbali zaidi, hisa zitakuwa chache, na ada itakula sehemu ndogo ya hesabu. Ingiza ada za dalali wako mwenyewe kabla ya kuamua.

Foreksi ina tatizo lake. Tuseme akaunti ni dola 400, unataka EURUSD (yuro kwa dola), na ATR mbili ni pipsi 140 (pipsi moja ni hatua ya 0.0001 ya bei). Asilimia 1 ni dola 4. Loti (kipimo cha ukubwa wa oda) 0.01, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote kwa akaunti za kawaida, ni senti 10 kwa pipsi moja, yaani dola 14 stoplosi ikiguswa. Hiyo ni asilimia 3.5. Ili kiwe asilimia 1 unahitaji dola 1,400. Dhahabu ni kali zaidi: loti 0.01 ni aunsi moja, kwa hiyo ATR mbili zikiwa dola 60, umehatarisha dola 60, asilimia 15 ya akaunti, katika biashara moja.

Dalali atakuruhusu. Atakukopesha nguvu ya kununua zaidi ya hapo mara nyingi, na skrini haitakuonya. Kwa hiyo hesabu hii ikikwambia akaunti ni ndogo kwa soko hilo, jibu ni kutofanya biashara kwenye soko hilo. Usisogeze stoplosi karibu ili namba zikubali.

Tengeneza jedwali dogo kwenye Excel au Google Sheets lenye akaunti, bei, ATR, ada na kiasi. Uweke namba nne, lenyewe likupe ya tano. Kichwa kilichochoka hakifanyi hesabu vizuri.

Hatua ya 5: Rudi nyuma ujaribu

TradingView ina kitufe cha Replay kinachoficha sehemu ya kulia ya chati na kukufungulia mshumaa mmoja mmoja. MetaTrader ina Strategy Tester, ila hiyo inahitaji kanuni iandikwe kwanza kama roboti, yaani programu inayofanya biashara yenyewe. Kwa mtu anayeanza, Replay inamfaa zaidi kwa sababu ni ya kuchosha. Uchovu huo ni sehemu ya somo. Utauona mshumaa ukifunga juu ya kilele, utanunua, utatolewa. Tena, na tena.

Kanuni za kufuata mwendo wa bei kwa kawaida hukosa mara nyingi kuliko zinavyopatia. Chukua mfano wa hesabu: katika biashara 100, unapatia 35 na kukosa 65. Ukikosa unapoteza kipimo kimoja (kile kiasi ulichohatarisha), ukipatia unapata vitatu kwa wastani. Hiyo ni 105 kutoa 65, faida ya vipimo 40 kabla ya ada. Ni kanuni nzuri sana. Lakini ndani ya biashara 100 za namna hiyo, kukosa mara 8 mfululizo ni jambo la kutarajiwa. Ukihatarisha asilimia 1 kila mara, mkosi huo unakula chini ya asilimia 8 ya akaunti. Ukihatarisha asilimia 10, umebakiwa na asilimia 43, na unahitaji kuizidisha zaidi ya mara mbili ili urudi ulikoanzia. Kanuni ileile, chati ileile.

Usizichezee namba hadi zipendeze. Siku 20 ikikupa faida, kisha ukagundua 23 inatoa zaidi na 24 inatoa hasara, hujavumbua kitu, umekariri mtihani wa mwaka jana. Gawa historia mara mbili: jaribia sehemu ya kwanza, ya pili usiiguse mpaka kanuni iwe imekamilika, kisha ijaribu mara moja.

Kwa hisa za Nairobi angalia na jambo hili: hisa nyingine hupita siku bila kuuzwa sana, na mishumaa yake ni vistari tu. Kilele "kilichovunjwa" na hisa chache si kilele cha kukuingiza. Andika kwenye kanuni kiwango cha chini cha mauzo ya siku unachokikubali.

Hatua ya 6: Arifa, oda, na stima

Weka arifa badala ya kukodolea macho. TradingView ikikuuliza arifa ilie lini, chagua baada ya mshumaa kufungwa. Ukichagua vinginevyo italia bei ikigusa tu mstari katikati ya siku, nawe utanunua mshumaa ambao jioni utakuwa umerudi chini. Arifa za bure huwa na idadi na muda maalumu, basi zikague kila Jumapili.

Jua kitu kipi kinakaa wapi. Kwenye MetaTrader, stoplosi na oda zinazongoja ziko kwenye seva ya dalali, kwa hiyo stima ikipotea Majengo nzima bado zinafanya kazi. Roboti na arifa za ndani ziko kwenye mashine yako. Laptop ikizima, nazo zimelala. Kwenye hisa za NSE, uliza dalali kama programu yake inapokea stoplosi. Ikiwa haipokei, stoplosi yako ni arifa pamoja na wewe kuuza kwa mkono, na ukumbuke bei ya hisa kwa siku ina kikomo cha asilimia 10 juu au chini. Hisa ikishuka hadi kikomo bila wanunuzi, utatoka kesho kwa bei nyingine. Hiyo ni sababu nyingine ya kutozidisha kiasi.

Takwimu za ajira za Marekani, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hutangazwa saa tisa na nusu au saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu, kutegemea msimu. Dakika hizo spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) hupanuka na bei huruka. Mwenye kanuni ya siku hana kazi hapo. Mwache mwenye roho ya kamari ashughulike nayo.

Hatua ya 7: Daftari

Kila biashara, mstari mmoja: tarehe, soko, bei ya kuingia, stoplosi, kiasi, bei ya kutoka, matokeo kwa vipimo vya hatari, na picha ya chati. Kisha safu moja zaidi: nilifuata kanuni, ndiyo au la. Mwisho wa mwezi soma safu hiyo kabla ya kusoma ile ya pesa. Faida iliyopatikana kwa kuvunja kanuni iandikwe kwa rangi nyekundu sawa na hasara, kwani ndiyo inayokufundisha kuivunja tena.

Anza kwa akaunti ya demo (ya majaribio, isiyo na pesa halisi) mpaka uweze kuingiza oda bila kukosea kitufe, halafu hamia pesa halisi kwa kiasi kidogo kabisa. Usikae demo miaka; pesa ya bure haiumi, nayo kanuni hupimwa pale inapouma. Kubadilisha kanuni kunaruhusiwa, lakini weka masharti: baada ya biashara 30 na si kabla, siku ambayo huna biashara iliyo wazi, na kwa kuandika karatasi mpya yenye tarehe.

Jambo la mwisho la kuandika kwenye karatasi hiyo ni siku utakazokosa. Zitakuwepo: msiba, harusi ya siku tatu, meli iliyoingia usiku na makaratasi yake. Andika mapema kwamba dalili ya kuingia iliyopita siku moja haifukuzwi, unangoja nyingine. Dalili ya kutoka uliyoikosa haingoji. Unauza mara tu soko likifunguka, kwa bei yoyote itakayokuwepo, kisha unajaza daftari.